Ganzi Siku ya Posa ya Solange

Naona bora niwasimulie mwenyewe, maana yakisimuliwa na wale mama wanaouza sambaza Rubona yanatiwa chumvi kuliko hata samaki wao, na nimeshasikia eti siku ile nilianguka juu ya ng'ombe wa mahari, jambo ambalo si kweli hata kidogo, ng'ombe mwenyewe alikuwa bado yuko Mudende anakula majani yake. Lakini hayo mengine mnayoyasikia, ndiyo, yalitokea, na mdomo uliohusika ni huu huu ninaosemea sasa.

Kwanza mnijue. Sisi tuko wanne na mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule nikaenda mpakani kubeba mizigo ya watu kwenda Goma, nyanya, mayai, magunia ya viazi (siku moja hata mgonjwa na kitanda chake, na njia nzima alikuwa ananigombeza kwamba namtikisa). Wadogo zangu wakasoma. Solange, anayenifuata, akasoma mpaka akawa daktari wa meno, na alipofungua kliniki yake ndogo hapa mjini akaniambia, "Yaya, acha mizigo, tufanye kazi pamoja." Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na mimi nikaitwa hivyo sina ujanja. Tangu hapo mimi ndiye wa mapokezi, wa simu, wa kupiga deki, na wa kumshika mkono mgonjwa anayetaka kukimbia.

Na wanakimbia kweli. Mwenye malaria anakwenda hospitali siku ya kwanza, lakini mwenye jino anangoja mpaka shavu linakuwa kama ameficha chungwa, halafu anafika Jumamosi tunafunga mlango na anaapa kwamba limeanza kuuma leo asubuhi. Ukiwauliza, wote wanapiga mswaki kila baada ya kula. Wateja wetu wa Goma ndio wananishangaza zaidi, wanavuka mpaka na jino linauma, wanapanga foleni na jino linauma, wakifika kwetu na kusikia ile mashine inalia ndani, jino linapona palepale na wanataka kurudi kwao. Hao ndio kazi yangu. Nawakalisha, nawaambia sindano ni kama mbu tu, nawakemea wasitafune muwa kabla ya kulala, na wengine wananiita daktari, na mimi (Mungu anisamehe) siwasahihishi haraka.

Jambo moja hakuna aliyelijua, hata Solange. Mimi katika kile kiti cha wagonjwa sijawahi kukaa. Kukipangusa nimekipangusa kila asubuhi, kukipandisha na kukishusha naweza nimefumba macho, lakini kukaa, hapana, kwa sababu naogopa sindano, na siyo ule uoga wa kawaida wa watu, mimi nikiiona ile sindano ya meno miguu yangu inakuwa ya mtu mwingine. Ninapomshika mgonjwa mkono na kumwambia habari za mbu, macho yangu yako kwenye kalenda ukutani.

Basi Solange akapata mchumba. Patrick, fundi umeme wa Goma, kijana mpole, alikuja kung'olewa jino, wiki iliyofuata akarudi na meno yote mazima, akarudi tena, na mimi mtu wa mapokezi nikaanza kuelewa. Baba yake alikuwa amekufa kwa pombe. Kabla ya posa, mama yake akaja nyumbani kwetu Nengo, akakaa, akakataa chai kwanza, akasema:

"Mi sikuje kuuliza mali, sikuje kuuliza masomo. Niko na kintu moja tu. Pombe ilikula bwana yangu na ilianza ku mudomo, hivi hivi, kidogo kidogo. Nyumba yenye kuwa na mulevi, mi sipeleke mutoto yangu mule, hata kama binti iko malaika. Mumesikia?"

"Tumesikia, Mama."

"Na siku ile, hata tone."

"Hata tone, Mama," nikajibu, na nilijibu bila wasiwasi kwa sababu pombe mimi sinywi, nililea watoto nikiwa mtoto, ningelewa saa ngapi? Hapo ndipo akakubali chai.

Sasa, kwa asiyejua, posa ya kwetu si siku ya kula tu. Wageni wanakaa upande mmoja wa hema na wenyeji upande wa pili, kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao wanapambana kwa maneno. Wa wageni anaomba. Wa wenyeji anajifanya hajui kabisa hawa watu wamefuata nini, anawazungusha, anawatega, anawachekesha na kuwatoa jasho, na muda wote huo binti amefichwa ndani, haonekani mpaka wenyeji waridhike na kumwita. Siku hizi wengi wanakodi msemaji hodari. Mimi nikasema hapana, nimemlea mimi, nitamsemea mimi. Na kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia mtu. Tangu tuwazike wazazi wetu hakuna aliyesimama mbele ya watu akayataja majina yao, na mimi nilitaka siku ile niyataje, niseme kwamba Kalisa na Verediyana ndio wanaomtoa binti yao, mimi nimewaazima mdomo tu. Nikafanya mazoezi wiki nyingi, nikipiga deki nawahutubia viti vya wagonjwa, na viti vilinipigia makofi.

Jino nalo likachagua wiki ileile. Gego la chini, upande wa kulia. Lilikuwa limenichokoza muda mrefu nami nikilinyamazisha kwa karafuu, lakini wiki hiyo likaanza kunipigia ngoma mpaka sikioni. Mtu mwenye akili anayefanya kazi na daktari wa meno, ambaye ni mdogo wake, wa tumbo moja, angefanya nini? Mimi nikatafuna upande wa kushoto nikanyamaza. Nikajiambia Solange ana mambo ya harusi yake, asihangaike na mimi (uongo, nilikuwa naiogopa sindano), na litang'olewa baada ya posa.

Uamuzi wangu mdogo, ule uliozaa yote, ulikuwa huu. Asubuhi ya posa nilipita kliniki nikachukua chupa mpya ya dawa ya ganzi, ile ya kupuliza, ambayo Solange anampulizia mtu kwenye fizi kabla ya sindano, mara moja tu, fyu, basi. Nikapuliza mara moja, fyu, na maumivu yakaondoka kama mtu aliyefukuzwa. Nikasimama pale nikaona kumbe dunia ni nzuri hivi! Chupa nikaitia mfukoni, nikafunga umwitero wangu begani, kile kitambaa cheupe ambacho wanaume wetu huvaa siku kama hizo, nikaenda nyumbani nikiwa mzee wa ukoo.

Wageni wakaja wamependeza. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Patrick, Muzee Byamungu, mtu mfupi mwenye sauti ya redio. Tatizo la Muzee Byamungu ni kwamba yeye akisalimu anasalimu. Alisalimu kwa Kinyarwanda, akasalimu kwa Kiswahili, akaomba Mungu kwa Kifaransa, kisha akaanza kutambulisha wageni mmoja mmoja, huyu ni nani na mama yake alitoka wapi, na alipofika kwa mabinamu jino langu likaamka. Likaamka na hasira. Nikaomba radhi kidogo, nikazunguka nyuma ya hema, nikapuliza. Nikaona haitoshi, hotuba yangu ni ndefu, nikapuliza tena, nikapuliza na upande wa pili ili usije ukashawishika, halafu chupa ikakwama, nikaitikisa, nikaibana kwa nguvu, nayo ikanimwagia yote iliyobaki juu ya ulimi mpaka kooni.

Nikarudi. Muzee Byamungu akamaliza. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasimama, nikatengeneza umwitero, nikafungua mdomo kusema, "Wageni wetu wapendwa, karibuni," na nikasikia mtu mwingine anasema:

"Wayeni weyu wafenwa, kayifuni."

Ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama godoro. Midomo sikuwa nayo, nilijua ipo kwa kumbukumbu tu. Watu wakacheka, wakadhani ni vichekesho vya posa, na Muzee Byamungu akaruka juu:

"Ah bon! Musemaji ya hapa anaanza na luga ya mabébé, atufundishe kwanza!"

Wakacheka zaidi. Nikajaribu sentensi ya pili, nikiikaza, na hiyo ikatoka na mate, marefu, yakashuka polepole mpaka kwenye umwitero huku kila mtu akiyasindikiza kwa macho. Upande wa wageni kicheko kikapungua. Mama Patrick yeye hakuwa amecheka tangu mwanzo.

Nikaona niharakishe kwenye kinywaji. Desturi ni kwamba wasemaji wawili wanakunywa kutoka kibuyu kimoja, kila mtu na mrija wake, na zamani kilikuwa na pombe ya ndizi, lakini sisi kwa heshima ya Mama Patrick tulitia mutobe, maji matamu ya ndizi ambayo hayajachacha. Muzee Byamungu akanyonya vizuri. Mimi nikanyonya, nikasikia kama yamefika, nikainua kichwa nitabasamu, na mutobe wote ukatoka pembeni ya mdomo ukateremka shingoni, kifuani, mpaka mkanda wa suruali. Sikuhisi kitu. Nilijua kwa nyuso za watu. Na mjue kwamba mutobe na pombe ya ndizi ni ndugu, harufu yao inafanana, kwa hiyo sasa nilikuwa nayumbisha maneno, nimelowa, na nanuka ndizi.

"Byamungu," Mama Patrick akaita, kwa sauti ya chini ambayo hema zima liliisikia. "Mule ndani ya kibuyu muko nini?"

"Ni mutobe tu, dada yangu. Muzuri sana."

"Bon. Weye ulikunywa mutobe. Na huyu, mbele ya kunywa mutobe, alikunywa nini?"

Nikataka kumweleza. Nikanyoosha kidole mdomoni kwangu, mara kadhaa, kuonyesha kwamba humu, tatizo liko humu. Jirani yetu mmoja mwema, Mungu ambariki, akakimbia na jagi: "Ana kiu, maskini, mwongezeeni!" Nikatikisa kichwa kukataa, nikatikisa kwa nguvu mno, nikapepesuka. Basi nikakumbuka kwamba ushahidi ninao. Nikaingiza mkono chini ya umwitero, nikatoa ile chupa, nikainyanyua juu ili kila mtu aione.

Kila mtu akaiona.

"Yampayinka!" mwanamke mmoja wa upande wa wageni akapiga kelele kwa mshangao. "Na chupa iko nayo!"

Mama Patrick akachukua mkoba wake. "Patrick, simama, twende."

Patrick akasimama nusu, yaani hakuwa amesimama wala hakuwa amekaa, na nyuma yake safu nzima ya mama wa Goma ikaanza kujifunga vitenge vizuri kwa safari. Mimi nikabaki katikati na chupa yangu juu. Nilikuwa nimewafikisha wadogo zangu watatu pale bila mtu kutunyooshea kidole, na sasa mdogo wangu anaachwa kwenye hema mbele ya mtaa kwa sababu yangu, na hata kusema "samahani" siwezi, nilijaribu, ikatoka "hayani".

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa kwa kishindo na mashangazi wakaanza kulia ndani: "Solange! Rudi! Hujaitwa!"

Binti wa kuposwa hatoki bila kuitwa. Sijawahi kuona, na wazee waliokuwepo wanasema nao hawajawahi. Solange alitoka bila viatu, nywele zimesukwa upande mmoja, hereni sikio moja, simu mkononi. Kumbe alikuwa dirishani anasikiliza, na sauti ile ya mdomo uliokufa ganzi yeye anaisikia kazini kila siku ya Mungu. Hakumtazama Mama Patrick, hakumtazama hata Patrick. Akaja moja kwa moja kwangu, akaninyang'anya chupa, akaitikisa sikioni.

"Yaya, hii chupa ilikuwa mpya."

"Mm."

"Umepuliza yote?"

"Mm."

"Yote! Halafu ukanywa juu yake, koo lote limekufa ganzi? Unataka upaliwe ufe hapa, nikuzike na hii nguo? Fungua mdomo."

Nikamwonyesha kwa macho kwamba kuna wageni.

"Fungua!"

Nikafungua. Akawasha taa ya simu. Wageni waliokuwa wanaondoka wakasogea, wenyeji nao wakasogea, kila mtu anataka kuona, na kwa muda kidogo nusu ya Goma na nusu ya Nengo walikuwa wanachungulia mdomoni mwangu.

"Jino limeoza mpaka ndani," daktari akatangaza. "Yaya, unaishi na mimi, unafanya kazi na mimi. Kwa nini hukuniambia?"

Kusema siwezi, kwa hiyo nikaonyesha kwa mikono. Nikachora sindano hewani, kubwa, kisha nikachora mtu anayeanguka.

Halafu yule yule mwanamke aliyepiga kelele ya chupa akasogea karibu zaidi, akanikagua uso. "Ngoja! Si njo huyu wa kliniki, alinishika mukono akasema sindano ni kama mbu?" Na hapo hema likapasuka kwa kicheko, watu walijishika mbavu, Muzee Byamungu akavua miwani akafuta machozi.

Mama Patrick hakucheka. Aliwapangua watu, akaja akasimama mbele yangu, mkoba bado uko begani.

"Inama," akasema. "Mi nilinusa mudomo ya bwana yangu kila siku mpaka akakufa. Hakuna pombe yenye kunidanganya."

Nikainama. Akaninusa mbele ya watu wote, taratibu, kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Akanusa mdomo, akanusa umwitero, akarudi mdomoni.

"Karafuu," akasema. "Na dawa. Na ndizi." Akanusa mara ya mwisho. "Pombe, hapana."

Kisha akaniangalia machoni. "Mutu muzima hivi. Unaogopa sindano?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na hawa batoto ni weye uliwalea?"

Nikaitikia tena. Akasimama kidogo, akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka mkoba chini, na safu nzima ya mama wa Goma ikakaa naye.

Lakini msidhani Muzee Byamungu aliniachia hapo. Msemaji hodari hapotezi nafasi. Akapanda tena katikati, akaweka mikono nyuma:

"Bon! Wenyeji, sisi tulikuja kuomba binti. Tulijua mutatuzungusha mpaka jua lizame, tulikula vizuri nyumbani ju ya ile. Sasa binti ametoka mwenyewe, kwa miguu yake, bila hata viatu! Donc, tumeisha kumuona. Musemaji ya wenyeji, uko na neno ya kupinga?"

Neno! Nilikuwa nayo maneno ya wiki nyingi. Nilikuwa na mitego ambayo ingemtoa jasho mpaka kwenye soksi. Nikafungua mdomo, nikasikia tu hewa.

"Hana neno!" akashangilia. "Basi mutoto ni wetu?"

Nikamwangalia Solange, amesimama na simu yake bado inawaka, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyomtoa mdogo wangu, jamani, hotuba yote niliyoipanga iliishia kwenye shingo.

Vigelegele vilikuwa vimeanza, Solange akainua mkono. Binti hasemi kwenye posa yake, lakini akishatoka bila kuitwa, nani wa kumzuia? Akasema, "Msemaji wetu hawezi. Mimi ni binti wa Kalisa na Verediyana. Wao ndio walionizaa na huyu ndiye aliyenilea, na kama hamtaki kaka mwenye jino bovu, mseme sasa." Vigelegele vikarudi palepale. Mimi nililia, na kwa sababu uso wote ulikuwa umekufa ganzi sikujua kwamba nalia mpaka nilipoona watu wananihurumia.

Mama Patrick alitoa sharti moja kabla ya kuondoka, kwamba harusi haitafungwa mpaka lile jino litoke na yeye mwenyewe ashuhudie. Akavuka mpaka wiki ileile, akaketi kwenye kigoda kando ya kile kiti, akanishika mkono. Nilipiga kelele kabla sindano haijanigusa. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakasikia, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na mtu wa kuwazuia, maana mtu wa kuwazuia ndiye aliyekuwa anapiga kelele.

Nimejifunza nini? Sisi tuliokuwa wakubwa tukiwa bado wadogo tuna ugonjwa wetu, tunaficha maumivu tukidhani tunawapumzisha wenzetu, na siku yakitoka yanatoka na mate mbele ya wakwe. Nimeapa mbele ya Solange kwamba sitaficha tena, kikiuma nasema, na nakishika kile kiapo sana. Juzi nilimpigia simu yuko kwake Goma, amekaa mezani na mume wake, nikamwambia kidole cha mguu kinaniuma tangu asubuhi.

"Yaya," akasema, "mimi ni daktari wa meno."

Lakini jioni alikuja, akakiangalia.